Ngozi ikikaza, tazama na figo: mambo ya kujua kuhusu skleroderma

Wapwani wengi tuna ndugu wanaoishi upande wa Thika na Ruiru. Wengine waliolewa huko, wengine walifuata viwanda, vyuo au biashara ya barabara kuu. Dadangu ni mmoja wao. Alitoka Mombasa akaolewa Ruiru, akafungua kibanda cha cherehani, na kwa miaka mingi tulikuwa tukimsikia kwa simu tu na kumwona wakati wa Idi. Ugonjwa ulipomjia, sisi wa nyumbani hatukujua hata jina lake. Makala haya nimeyaandika ili mwingine asianze pale tulipoanzia sisi.

Mimi si daktari. Niliyoyaandika hapa nimeyapata kwa kukaa naye kliniki, kwa kuwauliza madaktari waliomtibu na kwa kusoma. Asiyefahamu jambo lolote humu amuulize daktari wake, wala asibadilishe dawa kwa sababu ya makala.

Skleroderma ni ugonjwa gani?

Jina lake kamili ni sistemiki sklerosisi, lakini wengi huuita skleroderma, maana yake ngozi ngumu. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na viini vya maradhi, huugeukia mwili wenyewe. Mishipa midogo ya damu huumia, na mwili hutengeneza nyuzinyuzi za kovu kupita kiasi. Ngozi hukaza, huwa nene na hung'aa. Vidole hushindwa kukunjika vizuri. Mdomo huwa mdogo, hata kuumega mkate wa mofa ikawa taabu. Kwa baadhi ya watu kovu hilo huingia ndani pia, kwenye mapafu, moyo, umio na utumbo. Na kwa baadhi yao, mishipa ya figo.

Si ugonjwa wa kuambukiza. Hupati kwa kula sahani moja na mgonjwa, wala kwa kulala naye chumba kimoja. Si laana wala si jicho la mtu. Huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, karibu mara nne, na mara nyingi huanza kati ya umri wa miaka 30 na 50.

Uko wa namna mbili kubwa. Namna ya kwanza hukaza ngozi ya vidole, mikono chini ya kiwiko, miguu chini ya goti, na uso. Hii huenda polepole. Namna ya pili hupanda juu ya viwiko na magoti hadi mapajani, kifuani na tumboni, na mara nyingi huenda kwa kasi. Tafiti zilizofanywa Marekani zimeonyesha kuwa watu weusi hupata zaidi namna hii ya pili, na huipata wakiwa na umri mdogo kuliko wazungu. Figo huathirika hasa katika namna hii ya pili.

Dalili ya kwanza huonekana kwenye baridi

Thika na Ruiru ziko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mtu aliyezaliwa Mombasa au Malindi akipanda huko, Juni hadi Agosti baridi humtesa. Kwa hivyo dadangu aliposema vidole vinakufa ganzi asubuhi, sote tulimwambia ni baridi ya bara, avae soksi nzito. Hata shemeji yangu, aliyezaliwa huko huko, alimcheka.

Kumbe kuna tofauti. Vidole vya mtu mzima vikipigwa na baridi hupoa tu. Vya mwenye tatizo hili hubadilika rangi: huwa vyeupe kwa kukosa damu, kisha vya samawati, kisha vyekundu vikianza kupata joto, na huuma au kuwasha. Hali hii huitwa Raynaud, kwa jina la daktari Mfaransa aliyeieleza mwaka 1862. Kwenye ngozi nyeusi mabadiliko hayo si rahisi kuyaona upande wa juu wa mkono. Tazama chini ya kucha na ndani ya kiganja.

Si kila mwenye Raynaud ana skleroderma. Wasichana wengi wanayo maisha yao yote na hawapati jambo lingine. Lakini ikianza ukubwani, ikiambatana na vidole kuvimba kama soseji, vidonda vidogo kwenye ncha za vidole, kiungulia kisichoisha au ngozi kukaza, mtu aende hospitali apimwe damu.

Kuna alama nyingine inayowachanganya watu wetu. Ngozi hupoteza rangi kwa madoadoa, nyeusi na nyeupe pamoja, mfano wa chumvi iliyochanganywa na pilipili manga. Hutokea sana kifuani, shingoni na kwenye paji la uso. Wengi hudhani ni mbalanga, wengine huambiwa na jirani kwamba wamerogwa. Dadangu alipoteza miezi minne akizungushwa kwa waganga na mafuta ya kupaka. Simlaumu, maana hata sisi tulichanga pesa za mafuta hayo.

Figo huingiaje?

Figo hufanya kazi kama chujio. Damu huingia kwa mishipa, husafishwa, na uchafu hutoka kwa mkojo. Figo pia huchunga presha. Zikihisi kwamba damu inayozifikia ni kidogo, hutoa kemikali iitwayo renini. Renini huanzisha mlolongo unaomalizika kwa kutengeneza kitu kiitwacho anjiotensini, ambacho huibana mishipa ya mwili mzima ili presha ipande na damu ifike.

Katika skleroderma mishipa midogo ya figo hunenepa upande wa ndani, tabaka juu ya tabaka kama kitunguu kilichokatwa, na njia ya damu huwa nyembamba. Figo hukosa damu, zikafikiri presha ya mwili imeshuka, zikamwaga renini. Presha hupanda na mishipa hubanwa zaidi, ile ya figo ikiwemo. Damu inayofika figoni hupungua tena, na renini huongezeka tena. Mzunguko huu ukishaanza, figo zinaweza kufa ndani ya siku au wiki chache. Madaktari huuita dharura ya figo ya skleroderma. Mabadiliko haya ya mishipa yalielezwa vizuri na Moore na Sheehan nchini Uingereza mwaka 1952.

Kwa jumla huwapata watu wachache, kama 5 katika kila wagonjwa 100 wa skleroderma. Kwa wenye ngozi iliyokaza sehemu kubwa ya mwili idadi hiyo hupanda, kama 10 au zaidi katika 100. Wengi wao huipata ndani ya miaka minne au mitano ya mwanzo wa ugonjwa. Kwa hivyo miaka ile ya kwanza, ambayo mtu bado anahangaika kutafuta jina la ugonjwa, ndiyo yenye hatari kubwa zaidi kwa figo.

Walio kwenye hatari zaidi ni hawa:

- Wenye ngozi iliyokaza hadi mapajani, kifuani au tumboni, hasa kama inakaza kwa kasi.
- Walio katika miaka minne au mitano ya mwanzo.
- Wenye kingamwili iitwayo RNA polimeresi III kwenye damu. Kipimo hiki hakipatikani kila maabara, lakini daktari bingwa anaweza kukiagiza.
- Wanaosikia mkwaruzo kwenye kano za vifundo, viganja au magoti wanapokunja viungo.
- Wanaotumia dawa za jamii ya steroidi, kama prednisoloni, kwa kiwango cha zaidi ya miligramu 15 kwa siku.

Neno kuhusu prednisoloni

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo tulipoumia.

Viungo vya dadangu vilipoanza kuuma, kabla ugonjwa haujajulikana, alikwenda zahanati moja ya mtaani. Aliambiwa ni baridi yabisi, akapewa prednisoloni, vidonge vinane asubuhi, kila kimoja miligramu 5. Jumla ni miligramu 40. Akapata nafuu, akacheka, akarudi kwenye cherehani. Vidonge vilipokwisha alinunua vingine duka la dawa bila karatasi ya daktari. Hakuna aliyempima presha katika muda wote huo.

Prednisoloni si sumu. Kuna maradhi ambayo bila hiyo mtu hufa, na hata katika skleroderma daktari anaweza kuitoa kwa kiwango kidogo kwa sababu maalumu. Lakini kiwango kikubwa kwa mwenye skleroderma changa huandamana na hatari ya figo kuharibika. Mwenye ugonjwa huu amwambie kila daktari, kila muuguzi na kila muuza dawa: "Nina skleroderma, nisipewe steroidi bila bingwa wangu kujua." Na aliyekwisha kuzitumia kwa wiki kadha asiziache siku moja kwa hofu. Kuziacha ghafla nako kunaweza kumwangusha mtu. Apunguziwe na daktari.

Jambo la pili ni dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki na ibuprofeni. Tunazimeza kama peremende, na zipo hata kwenye vibanda vya kuuza maziwa. Hizo nazo huzipunguzia figo damu. Mwenye skleroderma aulize kwanza. Na miti shamba ya kuchemsha, ambayo haijulikani ina nini wala kiasi gani, ni bora aiache kabisa.

Presha ya kawaida kwa nani?

Tulipopata jina la ugonjwa, daktari bingwa wa Nairobi alimwambia dadangu anunue mashine ya kupima presha ya kuvaa mkono wa juu, na daftari. Apime kila siku, na aandike. Alinunua mashine hiyo Thika mjini. Wiki za kwanza daftari lilisoma 112/70, 108/68, 114/72. Hiyo ndiyo iliyokuwa presha yake.

Siku moja likasoma 138/86. Siku ya pili 142/88. Kichwa kilikuwa kinamuuma. Akaenda kituo cha afya kilichokuwa karibu, akapimwa, akaambiwa: "Mama, presha hii si mbaya kwa umri wako. Punguza chumvi." Akarudi nyumbani. Siku ya tano ikafika 176/108, macho yakaanza kuona ukungu.

Muuguzi yule hakusema uongo. Kwa mtu asiye na ugonjwa huu, 142/88 si jambo la kumkimbiza mtu usiku. Lakini kwa mwenye skleroderma ambaye presha yake ni 112/70, kupanda kwa 30 ndani ya siku mbili ni moto ulioanza kuwaka. Aliyeishika mashine hakuwa na ile presha ya jana ya kulinganisha. Daftari lilikuwa mezani Ruiru, hakulichukua.

Basi kanuni niliyofundishwa ni hii. Namba ya juu ikipanda kwa 20 au zaidi kuliko kawaida yako, au ikivuka 150, au ya chini ikivuka 85, pima tena baada ya kupumzika. Ikibaki hapo, usingoje kliniki ya mwezi ujao. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, na uende na daftari.

Dalili nyingine za kuangalia ni hizi: kichwa kuuma sana, macho kuona giza au ukungu, kuishiwa pumzi hasa ukilala chali, miguu kuvimba, mkojo kupungua au kutoa povu, kuchanganyikiwa, na degedege. Lakini kuna wanaofika hospitali bila dalili kubwa. Na takriban mmoja katika kila kumi hupata dharura hii bila presha kupanda, hasa waliotumia steroidi. Hao hugunduliwa kwa kipimo cha damu tu. Kwa hivyo mashine ya nyumbani haitoshi peke yake. Kipimo cha kreatinini, kinachoonyesha figo zinachuja vipi, na kipimo cha mkojo vinahitajika kila baada ya miezi michache, au mara nyingi zaidi daktari akiona hivyo.

Dawa iliyotoka kwenye sumu ya nyoka

Hadi miaka ya 1970, dharura hii ilikuwa karibu sawa na hukumu ya kifo. Madaktari walifikia hata kuziondoa figo zote mbili ili presha ishuke.

Mabadiliko yalianzia Brazili. Kuna nyoka huko aitwaye jararaca, na aliyeumwa naye presha huanguka. Mwanasayansi Mbrazili, Sérgio Ferreira, aliichunguza sumu hiyo katika miaka ya 1960, na kazi yake ikawafikia watafiti wa kampuni ya Squibb ya Marekani, Miguel Ondetti na David Cushman. Wao wakatengeneza kidonge kiitwacho kaptoprili, kinachozuia anjiotensini isitengenezwe. Kilikatiza ule mzunguko nilioueleza hapo juu. Mwaka 1979 madaktari waliandika kwamba kaptoprili iliishusha presha ya wagonjwa wa skleroderma waliokuwa kwenye dharura ya figo. Mwaka 1990 Virginia Steen na wenzake wa Pittsburgh walitoa hesabu: kati ya wagonjwa waliopewa dawa za jamii hii, 76 katika 100 walikuwa hai baada ya mwaka mmoja. Kati ya wale wasiopewa, ni 15 tu katika 100.

Leo dawa za jamii hii ni za kawaida. Kaptoprili na enalaprili zimo katika hospitali nyingi za Kenya na bei yake si ya kutisha. Kwa maana hiyo tatizo letu kubwa si kukosa dawa. Tatizo ni mgonjwa kufika mapema, na anayempokea kujua anachokitazama.

Kuna mambo matatu ambayo mgonjwa na jamaa zake wayajue kuhusu dawa hizi.

Kwanza, ni za kutibu dharura, si za kuizuia. Mtu mwenye skleroderma ambaye presha yake ni ya kawaida haambiwi ameze enalaprili kama kinga. Tafiti hazikuonyesha faida, na waliokuwa wakizitumia kabla ya dharura matokeo yao hayakuwa mazuri.

Pili, dharura ikishathibitishwa, dawa haiachwi kwa sababu kreatinini imepanda. Katika magonjwa mengine daktari akiona kreatinini inapanda baada ya kuanza dawa hizi, huzisimamisha. Hapa huendelea nazo, hata mgonjwa akiwa anasafishwa damu. Daktari asiyeuzoea ugonjwa huu anaweza kuzisimamisha kwa nia njema. Ndiyo maana mgonjwa awe na barua ya bingwa wake mkononi.

Tatu, dawa hizi humdhuru mtoto tumboni. Mwanamke anayeweza kushika mimba azungumze na daktari mapema. Na mjamzito mwenye skleroderma ambaye presha imepanda, madaktari wanaweza kudhani ni kifafa cha mimba, kwa kuwa dalili hufanana. Aseme ugonjwa wake tangu kliniki ya kwanza. Uamuzi wa dawa hapo ni wa mabingwa, kwa kuwa maisha ya mama nayo yako hatarini.

Kusafisha damu si lazima kuwe kwa milele

Dadangu alichelewa siku tatu, na figo zililegea. Alilazwa Nairobi, akaanzishiwa kaptoprili, presha ikashushwa kidogo kidogo kwa siku kadha, maana kuishusha kwa mkupuo mmoja nako huinyima figo damu. Hata hivyo ilibidi asafishwe damu kwa mashine, mara mbili kwa wiki.

Hapo familia ilivunjika moyo. Mamangu alikuwa akiuliza kwa simu kila jioni: "Hiyo mashine atatoka lini?" Tulijibiwa na daktari wa figo jambo ambalo sijalisahau. Katika magonjwa mengine figo zikifa zimekufa. Katika dharura hii, wengi wa wanaoanza kusafishwa damu, pengine nusu, figo zao huamka baadaye, zikatosha kuwaondoa kwenye mashine, mradi waendelee na dawa. Huchukua miezi, mara nyingi ndani ya mwaka mmoja na nusu. Kwa sababu hiyo hata uamuzi wa kupandikizwa figo huwekwa kando kwa muda huo.

Dadangu alisafishwa miezi tisa. Mwezi wa saba mkojo ulianza kuongezeka. Mwezi wa tisa waliisimamisha mashine kwa majaribio, na hajarudi. Figo zake si nzima, zinafanya kazi kidogo, lakini ni zake. Wapo tuliokuwa nao kwenye viti vile ambao hawakuwahi kutoka, na wapo tuliowazika. Nayasema yote mawili ili mtu asidanganyike wala asikate tamaa.

Aende wapi mtu wa Thika au Ruiru?

Hospitali kubwa ya umma upande huo ni ya Thika, ya ngazi ya tano. Ruiru iko hospitali ya kaunti ndogo, na si mbali nayo, upande wa Kahawa, iko Hospitali ya Rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta iliyoanza kupokea wagonjwa mwaka 2019. Hospitali ya Taifa ya Kenyatta iko mbele zaidi, Nairobi. Kwa walioko Pwani, Hospitali Kuu ya Mkoa wa Pwani hapo Mombasa ina kitengo cha figo. Mabingwa wa magonjwa ya viungo, ambao ndio wanaoujua ugonjwa huu zaidi, ni wachache nchini na wengi wako Nairobi. Anayeishi Thika au Ruiru ana bahati kwamba ni safari ya matatu moja au mbili. Wa Lamu hana bahati hiyo.

Kuhusu malipo, tangu Oktoba 2024 SHA imechukua nafasi ya NHIF, na kusafishwa damu kumo katika huduma zake. Mtu ajisajili na alipe kabla hajaugua. Sisi tulikuwa tunakimbizana na karatasi mgonjwa akiwa kitandani.

Vumbi la mawe

Liko jambo moja la upande ule ambalo silioni likisemwa. Kati ya Ruiru na Thika, pale Juja na Ndarugu, kuna matimbo ya mawe ya kujengea. Nyumba nyingi za Nairobi zimejengwa kwa mawe ya huko. Vijana hukata mawe kwa mashine, na vumbi huwafunika kuanzia kichwani.

Mwaka 1914 daktari Byrom Bramwell wa Edinburgh aliona kwamba katika wagonjwa wake tisa wa skleroderma, watano walikuwa waashi wa kuchonga mawe. Mwaka 1957 Erasmus aliandika kuhusu ugonjwa huo huo kwa wachimba dhahabu wa Afrika Kusini. Tangu hapo imethibitika kwamba vumbi la silika, lililomo ndani ya aina nyingi za mawe na mchanga, huongeza hatari ya skleroderma, hasa kwa wanaume, mbali na madhara yake kwa mapafu. Wengi wanaofanya kazi hiyo hawatapata skleroderma, maana ugonjwa wenyewe ni nadra. Lakini kumwaga maji jiwe linapokatwa na kuvaa barakoa ya vumbi, si kitambaa tu, ni mambo yanayowezekana. Na kijana wa timbo ambaye vidole vyake vinabadilika rangi kwenye baridi asiambiwe ni uchovu. Huko kwetu Pwani pia tuna matimbo, kwa hivyo neno hili si la watu wa bara peke yao.

Maisha ya kila siku

Mwenye skleroderma ajikinge na baridi. Kule bara dadangu hutawadha alfajiri kwa maji ya uvuguvugu, na huvaa glavu hata ndani ya nyumba mwezi wa Julai. Sigara aiache kabisa, na jamaa wasivute karibu naye, kwa kuwa hubana mishipa ile ile. Akitapika au kuharisha awahi hospitali, maana kupungukiwa maji huzichosha figo, na huenda daktari akataka kuyabadilisha baadhi ya matibabu kwa siku hizo.

Ramadhani huja na swali lake. Dini imempa mgonjwa ruhusa ya kula, na aliyeambiwa na daktari kwamba figo zake haziwezi kukaa na kiu kutwa nzima amuulize sheikh wake juu ya kulipa au fidia, wala asijione amepungukiwa. Mwaka wa kwanza dadangu alifunga kwa siri siku mbili. Tuligundua kwa daftari, kwa kuwa namba zilibadilika.

Tarehe 29 Juni kila mwaka ni siku ya skleroderma duniani. Imechaguliwa kwa kumkumbuka mchoraji Paul Klee, aliyefariki siku hiyo mwaka 1940 akiwa na ugonjwa unaoaminika kuwa ndio huu. Mwaka uliotangulia kifo chake alichora kazi zaidi ya 1,000. Hapa kwetu siku hiyo hupita kimya. Ningependa tuitumie, hata misikitini na kwenye vikundi vya kina mama, kuambiana mambo matatu tu: kubadilika rangi kwa vidole kunakoanza ukubwani kupimwe, prednisoloni isinunuliwe kiholela, na mwenye skleroderma awe na mashine ya presha nyumbani.

Mashine yenyewe ni ya bei ya kuchangiwa na familia. Tulichanga zaidi ya hapo kwa mafuta ya mganga. Aliye na ndugu mwenye ugonjwa huu, akienda kumtazama badala ya kubeba soda na biskuti ampelekee mashine hiyo na daftari, akae naye siku ya kwanza wapime pamoja na kuandika namba ya kawaida yake. Na siku namba hiyo ikipanda, amhimize atoke nyumbani siku hiyo hiyo, na daftari lake mkononi.